Dhamira na ishara katika riwaya ya makuzi: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua kwa kutumia Peponi

Kila msimu wa mitihani unapokaribia, na kila klabu ya vitabu inapoanza riwaya ya mtoto anayekua, malalamiko ni yaleyale: "Nimetaja dhamira zote, nimetaja ishara zote, mbona alama ni chache?" Ukiisoma insha yenyewe, sababu inaonekana tangu aya ya kwanza. Dhamira zimepangwa neno moja moja: utumwa, ukoloni, mapenzi, usaliti, dini. Ishara nazo zimebandikwa maana moja moja: bustani ni pepo, mbwa ni uchafu, safari ni maisha. Hakuna kilichothibitishwa. Na yule mtoto, ambaye riwaya nzima imeandikwa kwa sababu yake, hakui hata kidogo ndani ya insha.

Mwongozo huu unashughulikia tatizo hilo tu. Mfano tutakaoufanyia kazi ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nimeichagua kwa sababu mtoto wake anakua mbele ya macho yetu, na ishara zake zinaonekana rahisi hadi pale unapotakiwa kuzitetea. Nitataja mwisho wake bila huruma. Kama hujaisoma, kaisome kwanza.

## Vitu vya kuandaa

Nakala utakayoishika muda wote. Ikiwa ni yako, ipigie mistari upendavyo. Ikiwa ni ya maktaba au ya kuazima, nunua stika ndogo za karatasi ubandike pembeni.

Daftari zima, si karatasi ya kuokoteza. Utahitaji kurudi nyuma na kuongeza maelezo chini ya ulichokwisha kuandika, kwa hiyo acha nafasi.

Kalamu za rangi mbili. Ya kwanza ni ya mambo yaliyotokea kitabuni. Ya pili ni ya mambo unayoyadhani wewe. Wengi huona hili ni mbwembwe, lakini ndilo linalookoa insha nyingi kuliko jingine lolote hapa. Ukifungua daftari ukakuta ukurasa wote ni rangi ya pili, ujue unatunga riwaya yako, huchambui ya Gurnah.

Mtu mmoja aliyeisoma. Awe mbishi.

Usichohitaji ni madesa. Ukianza na muhtasari wa mwingine, macho yako yatatafuta kile alichokitaja yeye tu.

Neno kwa watahiniwa: Tanzania tumezoea kusema *dhamira* kwa mawazo yanayojadiliwa katika kazi. Kenya mawazo hayo huitwa *maudhui*, na *dhamira* huwa ni lengo la mwandishi. Hapa natumia ya Tanzania. Ukiwa Kenya, badilisha neno. Hatua ni zilezile.

## Hatua ya 1: Soma mara ya kwanza bila kalamu

Soma hadi mwisho kama msomaji wa kawaida. Usipige mstari wala kubandika stika.

Sababu: Mara ya kwanza hujui nini kitarudi. Ukipiga mistari mapema utajaza kurasa za mwanzo rangi, kisha utachoka kabla ya kufika bara.

Umefanikiwa ukiweza kumsimulia mtu hadithi yote kwa dakika chache, pamoja na mwisho wake, bila kufungua kitabu. Pia andika tukio moja lililokukera au kukusumbua. Lihifadhi, utalihitaji Hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Chora vituo vya makuzi

Hii ndiyo tofauti kati ya riwaya ya makuzi na riwaya nyingine. Mhusika anaingia akiwa mtoto asiyejua, anatoka akiwa mtu anayejua jambo asiloweza kulisahau. Kwa hiyo, kabla ya dhamira na kabla ya ishara, tafuta ngazi alizopanda.

Gawa riwaya kwa vituo, si kwa sura. Kila kituo kijibu maswali matatu: amejua nini, nani kamfundisha, na amepoteza nini. Kwa Yusuf, mtoto wa Peponi, nimepata vitano.

Kawa, nyumbani. Ana umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli katika mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kisha ukapoa. Kwenye kituo cha treni anawakodolea macho Wazungu wawili, mmoja akamtolea meno. Yusuf anakimbia huku akisoma maneno aliyofundishwa ya kuomba msaada wa Mungu. Hakuna anayemweleza lolote. Anapoteza wazazi bila kujua kwamba amewapoteza, kwa kuwa yeye anadhani anakwenda safari tu na Aziz, yule mgeni tajiri anayenukia vizuri na kumpa sarafu ya anna kumi kila akija.

Dukani kwa Aziz, karibu na pwani. Mwalimu wake ni Khalil, kijana aliyemtangulia. Khalil anamfundisha kupima, kuuza, kuhesabu, na jambo moja zito: huyu unayemwita kwa jina la undugu si ndugu yako, ni Seyyid, yaani bwana, na wewe uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Yusuf ni rehani. Khalil mwenyewe ni rehani.

Mji wa mlimani, kwa Hamid, mfanyabiashara mwenza wa Aziz, na mkewe Maimuna. Inagundulika kwamba kijana mkubwa vile hawezi kusoma Kurani. Anapelekwa chuoni kukaa na watoto wadogo. Anajifunza aibu, kisha anajifunza kusoma. Usiruke kituo hiki kwa sababu hakina damu. Ni hapa tu anapopata kitu ambacho hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Bara, na msafara wa biashara wa Aziz. Aziz, aliyeonekana hana wa kumshinda, ananyang'anywa mali na Chatu, mtawala aliyewahi kudhulumiwa na mfanyabiashara mwingine. Kisha anatokea Mjerumani anayemwamuru Chatu, naye anatii. Yusuf anaona mabwana watatu wakipangwa kwa ngazi mbele yake.

Kurudi. Bustani ileile, yeye si yuleyule. Bibi mwenye nyumba, mke wa Aziz, anamtaka. Yeye anamtaka Amina, dada wa kulelewa wa Khalil. Askari wa Kijerumani wanakuja kukamata watu kwa ajili ya vita.

Tahadhari: Usichanganye safari na makuzi. Mhusika anaweza kutembea nusu ya bara la Afrika asikue hata inchi. Kituo ni pale tu ujuzi wake ulipobadilika.

Umefanikiwa ikiwa safu ya "amepoteza nini" imejaa katika kila kituo. Kama iko wazi, rudi usome tena sehemu hiyo. Riwaya ya makuzi haitoi ujuzi bure.

## Hatua ya 3: Geuza neno kuwa sentensi inayoweza kupingwa

Sasa chukua yale maneno mamoja mamoja. "Utumwa" si dhamira bado, ni mada tu. Dhamira ni kile riwaya inachokisema kuhusu utumwa, na kitu kinachosemwa kinaweza kubishiwa.

Fanya hivi. Andika neno. Mbele yake andika "riwaya inaonyesha kwamba". Malizia sentensi.

Jaribio la kwanza huwa baya, usijali: *Riwaya inaonyesha kwamba utumwa ni mbaya.* Nani atabisha? Hakuna. Basi itupe.

Jaribio la pili: *Riwaya inaonyesha kwamba mtoto aliyewekwa rehani anateseka.* Ni kweli, lakini kitabu chenyewe kinakukatalia. Yusuf hapigwi, halali njaa, anavishwa, anapelekwa kwa Hamid. Na hapo ndipo utamu ulipo: dhuluma inayomkaa Yusuf imevaa kanzu safi na sauti ya upole.

Jaribio la tatu: *Riwaya inaonyesha kwamba mtu aliyekulia ndani ya deni anaweza kufunguliwa mlango na bado akakosa pa kwenda, kwa kuwa deni ndilo lililomlea.* Hii inabishika. Kwa hiyo inafaa.

Sasa mtafute mhusika anayeipinga sentensi yako. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu. Kwenye Peponi yuko mmoja, anamwagilia maji bustani na hasemi sana: Mzee Hamdani. Alikuwa mtumwa, akaambiwa ukweli wa sheria mpya, akaambiwa yuko huru, akakataa. Msomaji wa haraka atasema, "Unaona, naye amekosa pa kwenda." Lakini sikiliza hoja yake kwa Yusuf: nani aliwaambia kwamba uhuru ni mali yao ya kutoa zawadi? Wanaweza kukufunga, wanaweza kukutumikisha, lakini uhuru hawaumiliki, kwa hiyo hawana cha kukupa. Huyu mzee hajakaa kwa kukosa mlango. Anabishana na haki ya yule anayedai kuwa na ufunguo.

Mweke Khalil kando yake. Khalil naye angeweza kuondoka; anakaa kwa ajili ya Amina, aliyelelewa kama dada yake na kisha kuozwa kwa Aziz. Watu watatu, nyumba moja, sababu tatu tofauti za kutoondoka. Dhamira yako sasa ina pande, na insha ina kitu cha kufanya.

Tahadhari: Ujumbe si dhamira. "Tusiwaweke watoto rehani" ni nasaha, na mwandishi huyu si mtu wa nasaha. Mtihani ukidai ujumbe, utoe mwishoni, katika sehemu yake.

Umefanikiwa ukiwa na sentensi mbili au tatu za aina hii, si kumi, na kila moja ina angalau mhusika mmoja anayeiunga mkono na mmoja anayeitia doa.

## Hatua ya 4: Kusanya vitu, usiviite ishara bado

Pitia kitabu mara ya pili ukiwa na kalamu. Orodhesha vitu, wanyama, sehemu za mwili, sauti na harufu zilizotajwa zaidi ya ilivyohitajika. Kila kimoja kipewe mstari na namba za kurasa za nakala yako.

Orodha yangu fupi: bustani na kuta zake, vioo, mbwa, sarafu, shati lililochanika, maji, milango, alama kwenye uso wa Bibi, treni, bendera yenye ndege mweusi.

Sababu ya kutoviita ishara: Ukishakiita kitu ishara, akili inaanza kukitetea. Kiite kitu tu, utakuwa tayari kukiacha.

Hatua hii ni ya jasho, haina siri yoyote. Endelea.

## Hatua ya 5: Pima kila kitu kwa maswali matatu

Kitu kinastahili kuitwa ishara kikijibu maswali haya:

1. Kinarudi?
2. Kinaporudi, kimebadilika au aliyekiona amebadilika?
3. Ukikiondoa, riwaya inapoteza nini ambacho matukio peke yake hayasemi?

Tuanze na kinachoanguka. Sarafu ya anna kumi inaonekana mwanzoni, na ukijua habari za deni, unaiona kwa jicho jingine: yule aliyekuwa akigawa sarafu ndiye aliyekuwa akidai. Ni kidokezo kizuri, kitaje kwenye aya ya Kawa. Lakini hakibebi riwaya. Usikipe aya yake.

Treni? Inamtoa nyumbani, inaleta Wazungu, ni chombo cha mabadiliko. Mwanafunzi mwenye bidii ataandika kurasa mbili. Mimi naiacha kwenye mandhari. Kwenye swali la tatu inashindwa.

Sasa mbwa. Hapa twende taratibu, maana wengi wanawapita.

Safari ya treni kutoka Kawa, usiku. Yusuf anaota mama yake ni mbwa mwenye jicho moja, mbwa aliyewahi kumwona amepondwa na magurudumu ya treni. Kisha anaota tena: anauona woga wake mwenyewe unang'aa kwenye mbalamwezi, umepakwa ute wa kondo la nyuma kama kiumbe kilichozaliwa sasa hivi. Anajua ni woga wake kwa sababu mtu aliyesimama kivulini anamwambia. Na woga huo unapumua.

Soma mara mbili. Usiku mmoja, ndoto mbili: mbwa ambaye ni mama, na woga ambao ni mtoto mchanga. Kitu kimekufa, kingine kimezaliwa.

Akifika dukani, yeye na Khalil wanalala barazani. Usiku mbwa koko wanakuja, wanasimama, wanamkodolea macho. Yusuf anakauka kwa hofu. Khalil anamcheka. Mbwa hawa si wa ndotoni, wanapumua na kunuka, lakini wanamtazama kana kwamba wanamjua.

Twende ukurasa wa mwisho. Askari wamepiga kambi, wamekamata watu, wameondoka. Walipojisaidia, mbwa wanakula kinyesi. Mbwa wanamtupia jicho Yusuf, naye anaona wamemtambua: wanamjua mla mavi mwenzao wakimwona. Hapohapo ile ndoto ya treni inarudi, woga uleule unaong'aa kwenye ute wake, na safari hii anajua ulikuwa nini: hofu ya kuachwa. Anaona pia unaweza kukua ukawa nini. Nyuma yake anasikia kama milango ya bustani inakomewa. Anageuka mara moja, kisha anakimbia kuufuata msafara wa askari, macho yakimuuma.

Pima. Wamerudi? Ndiyo: ndotoni, barazani, kambini. Kimebadilika? Sana. Mara ya kwanza anamwona mama ndani ya mbwa, mara ya pili anawaogopa mbwa, mara ya tatu anajiona mwenyewe. Ukiwaondoa? Mwisho unabaki kijana anayejiunga na jeshi, na hutajua kamwe kwa nini macho yanamuuma.

Hiyo ni ishara. Na sasa linganisha na "mbwa wanaashiria uchafu".

Tahadhari: Uchafu upo kweli, na katika jamii ya Yusuf mbwa ni najisi, ndiyo maana kujiona miongoni mwao kunauma hivyo. Lakini hiyo ni mali ghafi aliyoikuta mwandishi. Alama zinatolewa kwa alichoifanyia.

Kumbuka lile tukio lililokukera ulilolihifadhi Hatua ya 1. Mara nyingi ni huo ukurasa wa mwisho. Wanafunzi wenye adabu huukwepa kwa sababu unataja kinyesi. Usiukwepe. Andika "kinyesi" uendelee.

## Hatua ya 6: Uliza nani anaitazama ishara

Ishara moja haimwonekanii kila mtu sawa. Chukua bustani, ambayo ndiyo mtego mkubwa, maana jina la kitabu linakunong'oneza jibu.

Chora mistari mitano:

- Yusuf anaona maji, mikomamanga, kivuli na utulivu. Ni mahali alipokatazwa, na kwa hiyo anapatamani.
- Mzee Hamdani anaona kazi na ibada. Haitamani kwa sababu yumo.
- Khalil anaona hatari. Anamwonya Yusuf asizoee kuingia.
- Bibi haoni bustani, anamwona Yusuf. Vioo vimetundikwa kwenye miti ili yeye, aliyejificha ndani kwa sababu ya alama usoni, awatazame walioko nje.
- Amina anaishi nyuma ya kuta hizo. Kwake, kama kuna jehanamu duniani, basi ni pale.

Baada ya mistari hii huwezi tena kuandika "bustani ni pepo" ukalala usingizi. Unaweza kuandika kwamba kutoka nje ya ukuta inaonekana pepo, na kadiri Yusuf anavyosogezwa ndani ndivyo inavyobadilika mbele yake. Ukweli wa bustani anaujua kwa Amina, si kwa miti. Hapo ishara imekutana na vituo vya makuzi vya Hatua ya 2. Ndiyo kazi yote.

Vioo navyo usiviache. Mtoto anadhani anaangalia uzuri, kumbe yeye ndiye anayeangaliwa.

Umefanikiwa ukiweza kusema, kwa kila ishara kubwa, ilikuwa nini katika kituo cha kwanza ilipotokea na imekuwa nini katika cha mwisho.

## Hatua ya 7: Sauti kutoka nje ya kitabu, kwa kipimo

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Kijana mzuri wa sura aitwaye Yusuf, mwanamke mwenye nyumba aitwaye Zulekha, shati linalochanika kwa nyuma: aliyepita chuoni ameshatabasamu. Ni Surat Yusuf, sura ya 12, ambamo kanzu iliyochanwa kwa nyuma inathibitisha kwamba kijana alikuwa akikimbia, si akishambulia. Jina la Zulekha halimo kwenye sura yenyewe, limetoka kwenye mapokeo na visa.

Kosa la kawaida ni kuishia kwenye kufanana. "Mwandishi ametumia kisa cha Nabii Yusuf." Haya, kisha? Thamani iko pale hadithi mbili zinapoachana:

Nabii Yusuf alitupwa na ndugu zake. Huyu ametolewa na baba yake. Nabii aliwafasiria watu ndoto. Huyu anaota, na hakuna wa kumfasiria isipokuwa sauti ya kivulini na, mwishoni, mbwa. Nabii alikabidhiwa hazina za nchi na akakutanishwa na baba yake. Huyu hana baba wa kumrudia, na dola inayomchukua haimkabidhi kitu.

Tahadhari: Sentensi mbili au tatu zinatosha. Ukizidisha, utajikuta umeandika darasa la tafsiri ya Kurani na msahihishaji anatafuta riwaya. Na kama hukusoma chuoni, usiogope. Ishara za ndani ya kitabu zinajitosheleza.

## Hatua ya 8: Andika aya

Aya moja ya ishara ina viungo vinne: dai, mfano wa kwanza, mfano wa baadaye uliobadilika, na kinachosemwa kuhusu makuzi. Kwa mpangilio huohuo.

Aya dhaifu, kama zinavyoletwa:

> *Ishara nyingine ni mbwa. Mbwa wanaashiria woga na uchafu. Pia wanaonyesha maisha magumu aliyopitia Yusuf. Mwandishi amefanikiwa sana kutumia ishara hii.*

Aya yenye mifupa:

> *Mbwa wanamfuata Yusuf kutoka kwenye treni hadi ukurasa wa mwisho, na kila wakitokea wanapima umbali kati yake na woga wake. Katika ndoto ya treni, mbwa aliyepondwa ni mama yake, na woga ni kichanga nje ya mwili wake ambacho lazima aambiwe ni chake. Barazani mbwa wako mbele yake, bado ni tishio kutoka nje. Kambini hahitaji tena kuambiwa: wanamtazama naye anajitambua. Kwa hiyo Yusuf anakua kwa kuujua woga wake, si kwa kuushinda, na uamuzi wa kuwakimbilia askari unakuja wakati anajijua kuliko alivyowahi kujijua.*

Sentensi ya mwisho inabishika. Mpe yule rafiki mbishi aisome. Atakuuliza: alichagua, au aliona mlango umefungwa akakosa njia nyingine? Angalia tena maneno. Riwaya inasema anasikia kelele *kama* ya milango kukomewa. Haisemi nani amekomea. Anageuka haraka tu, haendi kuhakikisha. Ukiamua kwamba amefungiwa, eleza kwa nini hakuusukuma mlango. Ukiamua kwamba amechagua, eleza kwa nini macho yanamuuma. Upande wowote unafaa ukiwa na majibu.

Tahadhari: Futa "mwandishi amefanikiwa sana" kila utakapoikuta. Haina kazi hapo. Na usinukuu kwa kukumbuka. Fungua ukurasa unakili neno kwa neno, au simulia kwa maneno yako bila alama za kunukuu.

## Hatua ya 9: Kagua kwa rangi

Rudi kwenye kalamu zako mbili. Katika insha uliyomaliza, pigia rangi ya kwanza chini ya kila jambo lililotokea kitabuni na rangi ya pili chini ya kila jambo unalolidai.

Ukiona aya nzima ya rangi ya pili, tafuta tukio uliingize. Ukiona kurasa mbili za rangi ya kwanza, umesimulia hadithi, na msahihishaji anaijua. Rangi zinapopishana kila sentensi moja au mbili, iko tayari.

Kisha hesabu jina la mhusika mkuu limetajwa mara ngapi kwenye aya za ishara. Aya ya bustani isiyomtaja Yusuf bado ni maelezo ya bustani. Irudishe Hatua ya 6.

Kama kitabu ulichopangiwa ni kingine, anza tena na vituo vya makuzi. Orodha yangu ya mbwa na vioo usiibebe. Kila riwaya ina vitu vyake vinavyorudi, na njia ya haraka ya kuvipata ni kulaza kurasa kumi za mwanzo kando ya kumi za mwisho na kutafuta kilichoko pande zote mbili.